Kisanduku Nilichokichomoa

Alhamisi. Ukungu umekalia migomba tangu asubuhi.

Nisameheni kwa kukaa kimya karibu miezi miwili. Nisamehe hasa wewe, Dada Upendo, uliyetuma kutoka Dar ile mashine ya kupima oksijeni na mapigo ya moyo ya mwanangu Eliya, ukawa unafungua blogu hii kila wiki na kukuta patupu. Mwenye mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, haandiki. Anasinzia akiwa amesimama.

Jana mwanangu aliacha kupumua, na mashine ikakaa kimya.

Umeme ulikuwa umekatika, tukawasha inveta ya sola. Mashine ikaonyesha namba nzuri ya oksijeni, tisini na nane, nami nikaenda kuanua nepi. Mama mkwe ndiye aliyepita na kuona midomo ya mtoto imekuwa ya bluu. Alimnyanyua, akampiga vidole kwenye nyayo, akamwita jina. Eliya akavuta pumzi, kisha akalia.

Kwenye mashine bado ilikuwa tisini na nane.

Hospitali wamempima, yuko salama. Leo amekuja Anna, fundi wa Sekei anayetengeneza vifaa vya hospitali, yeye ndiye aliyetufungia mashine na inveta. Hata chai hakugusa.

"Mama Eliya, kile kisanduku cha bati kati ya inveta na mashine kiko wapi?"

"Kilikuwa kinanipiga shoti nikikishika na mikono ya maji. Nikakichomoa, nikaunganisha moja kwa moja."

Alikaa kitandani taratibu.

Alinieleza kwa upole, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Inveta inakatakata umeme mara maelfu kwa sekunde, na huko kukatakata kunazaa kelele ambazo sikio halisikii. Mashine inatafuta mapigo madogo mno kwenye mguu wa mtoto. Kisanduku kinachuja zile kelele na kuzishusha ardhini. Bila hicho, mashine ilihesabu kelele za inveta ikidhani ni moyo wa mwanangu.

"Ila hakikupaswa kukupiga shoti," akasema. "Labda kama hakina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini."

Tukafuata waya wa ethi hadi nje. Unaning'inia ukutani, haujashika kitu.

"Nondo ya shaba niliyoichimbia hapa iko wapi?"

Mama mkwe akanyoosha kidole bandani. "Si ile aliyofungiwa mbuzi?"

"Mama, mbuzi wenu ndiye mwenye ethi nzuri kuliko wote Makumira," Anna akasema, akacheka, halafu akauona uso wangu akaacha.

Niliing'oa mimi. Mbuzi alikuwa anamaliza migomba, nami nikaona chuma kizuri kimekaa bure kando ya ukuta. Shoti zilianza wiki hiyohiyo. Sikuunganisha mambo.

Hakuna wa kumlaumu. Nimejaribu kumtafuta, hayupo.

Mama mkwe ameniambia, "Mwanangu, wewe lia, mimi namwangalia." Nimelia kidogo. Sasa tunapokezana, jicho kwenye kifua cha mtoto, na inveta nimeizima. Haiwashwi mpaka Anna arudi. Baba Eliya akirudi kutoka Momela akitaka kuchaji simu, akachaji kwa jirani.

Dada, usipige simu kwanza, nitashindwa kuongea. Tuma hivi:

Nondo ya shaba ya mita moja na nusu, ile ya mbuzi imepinda.

Klampu mbili za shaba, za kubana waya kwenye nondo.

Waya wa kijani na njano, mita kumi na mbili, mnene. Anna atakuandikia kipimo.

Kisanduku kipya cha kuchuja, nilivunja pini za kile nikikichomoa. Kiwe cha vifaa vya hospitali. Cha kompyuta usilete, hata wakikuapia dukani kwamba ni kilekile.

Vibandiko vya mguuni vya mashine, pakiti moja. Vimebaki vitatu.

Na soksi za Eliya. Miguu yake imekua.