Saa Moja ya Noeli za Kwetu

Jumanne, 3 Desemba 2024

Leo nimecheka sokoni mpaka mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaniuliza kama ninaumwa. Simu yake ilikuwa inaimba juu ya ndoo. Wimbo wa Noeli — lakini Noeli gani! Sauti za wanaume, mtu anapiga jerikani, na habari yenyewe ni hii: mamajusi watatu wanafuata nyota, wanatembea, wanatembea, kumbe wanachofuata ni taa ya wavuvi. Wanafika Ubwari, ile rasi ya ng'ambo ya maji, badala ya Bethlehemu. Wanamuulizia mfalme, wanapewa ugali na ndagala. Mmoja anakula mpaka anasahau ngamia wake.

Hapo wimbo ukakatika. Mama amebaki na kipande hicho tu. Nikamuuliza ni wa nani. "Ni ya batoto ya Ubwari," akasema, "banavua, banaimba."

Miaka mitatu niko kwenye redio hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na kila Desemba tunapiga CD ileile: kengele, theluji, farasi wa kuvuta gari. Theluji, Baraka! Mimi kazi yangu ni kusoma matangazo. Mbuzi amepotea, kikao cha wazazi, fulani ametutoka. Nimeenda moja kwa moja kwa Directeur Casimir, mikono bado inanuka samaki. Nimemwomba muda wa saa moja tarehe 24, nyimbo za Noeli za watu wa hapa tu, wale wanaojirekodi wenyewe.

Alinitazama kama mtu mwenye jino bovu. Mwishowe akasema sawa, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni. Ikijaa na watu wakiipenda, kipindi cha kila wiki ni changu. Ikianguka, nirudi kwa mbuzi waliopotea na nisimsumbue tena. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Dévote Kaneza na kipindi chake! Tulia, dada. Bado hujapata hata wimbo mmoja mzima.

Ijumaa, 6 Desemba

Jana Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi. Nimempata Isidore Sinzinkayo, fundi wa kufyatua matofali, mtu wa nyumbani kwa wazazi wangu kule Burundi. Anapiga umuduri, ule upinde wenye uzi mmoja na kibuyu kifuani. Hacheki hata kidogo, wanaomsikiliza ndio wanaoanguka.

Wimbo wake ni Yosefu na Mariamu kwenye foleni ya kuandikishwa. Karani anauliza familia ina watu wangapi. Yosefu anasema wawili. Mariamu anamvuta shati: sema watatu kasoro kidogo. Karani anasema aliye tumboni hana kadi. Kiitikio: "Mutarudia kesho asubui." Kila kiitikio, wanawake wote waliokuwa wanasubiri maji waliitikia kwa nguvu. Wanaijua hiyo sentensi kuliko Baba Yetu.

Nilimuuliza kama haogopi watu kusema anadharau Maandiko. Akajibu polepole, "Luka mwenyewe aliandika kama balikuwa mu recensement, kuandikisha batu. Mi nimeongeza foleni tu."

Nimerekodi mara tatu. Kuku amesikika mara mbili. Nimeamua kuku abaki.

Jumanne, 10 Desemba

Vijana wa Baraka wameniletea nyimbo nne. Mbili ni za kulia tu, lakini moja ya zilizobaki ni rap ya mbuzi anayejua tarehe. Noeli inakaribia, anaenda kujificha kanisani, anajiunga na kwaya! Nimeirudia mara sita. Nina nyimbo tano sasa. Nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 14 Desemba

Ubwari. Nimetapika botini kwenda na nimetapika kurudi. Mimi nimekulia Fizi-Centre, juu mlimani, kwenye mihogo ya baba. Ziwa ni kitu cha kutazama kutoka mbali.

Lakini nimewapata! Wanne, wanajiita Taa Tatu, na hakuna anayejua kwa nini si Taa Nne. Mkubwa wao ni Vainqueur, mrefu, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Walikuwa wote nyumbani, wanashona nyavu, wanacheza karata, wanataniana. Nikajisemea hawa wavuvi wana maisha mazuri, kumbe hawana haraka. Wameniimbia wimbo wote, beti sita. Jerikani, kijiko kwenye chupa, kasia linapigwa ubavuni mwa mtumbwi. Bibi mmoja alicheza na mtoto mgongoni. Nimelia kidogo, nasema ukweli. Huu ndio wimbo wa saa yangu, bila huu hakuna saa.

Nimefika Baraka, nimefungua simu. Upepo. Dakika nne za upepo na jerikani kwa mbali.

Haidhuru, watakuja studio wenyewe.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimetangaza! Sauti yangu, saa sita mchana: tarehe 24, saa kumi na moja jioni, Taa Tatu wa Ubwari moja kwa moja kwenye redio yetu. Barabarani wanaume wawili waliniita kwa jina. Muuza vocha alinipa kiti.

Kwa Vainqueur simu haishiki. Nitamwambia baadaye, atafurahi.

Jumatano, 18 Desemba

Nimejiaibisha.

Asubuhi ameingia mama mmoja kutoka Swima, kijiji cha pwani, Mama Immaculée, mkaushaji wa samaki, na beseni kwapani. Alikuja kugomba: kwa nini redio inaalika wanaume tu? Naye ana wimbo. Akageuza beseni, akapiga, akaimba hapohapo mlangoni. Mariamu amejifungua, wageni wanaingia. Wachungaji wanakanyaga vitenge vilivyofuliwa. Mamajusi wanatoa dhahabu, uvumba, manemane. Mariamu anasema asante, asante, asante — lakini hakuna hata mmoja aliyeleta sabuni? Nimepiga magoti. Nimemwambia Mama, saa hii ni yako pia.

Akarudisha beseni kwapani. Halafu akauliza nani amenidanganya kwamba wale wa Ubwari watakuja.

"Tarehe makumi mbili na ine? Mwezi iko giza. Banaume bote batakuwa mu maji."

Sikuelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Mwezi ukiwa mkubwa ndagala hawaifuati taa, basi wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Mwezi ukiondoka wanarudi ziwani kila jioni. Niliwakuta mwezi ukikaribia kujaa kabisa! Nikadhani ndiyo hali yao. "We uko mutoto ya mulima," akasema, bila ubaya. Kila mtu wa pwani aliyesikia tangazo langu amecheka, na hakuna aliyeniambia.

Ijumaa, 20 Desemba

Directeur amesikia. Amesema redio yake haidanganyi watu. Eti mimi ndiye niliyetangaza moja kwa moja, basi iwe moja kwa moja, la sivyo saa yote inafutwa na CD inarudi. Nimeomba tuihamishe iwe saa sita mchana, kabla hawajaingia majini. Amekataa. Saa sita ni ya matangazo, na matangazo hayaguswi hata Bwana Yesu akirudi. Nimetoka bila kufunga mlango, ajue nimekasirika.

Vainqueur nimempata jioni kwa simu. Walisikia tangazo wakiwa ufukweni, wakacheka mpaka karata zikamwagika. Nimemwomba radhi. Nimemweleza yote, na Directeur na saa sita yake. Alisema hawana shida na mimi, ila samaki wa Noeli hawaachwi, kuna watoto. Nilikuwa nakaribia kulia na vocha inaisha.

Halafu akauliza, saa ngapi hasa? Saa kumi na moja mpaka kumi na mbili. Akacheka. "Ile saa tunakuwa tunakaa bule. Tuko mu maji, tunangojea tu jua iingie. Taa haiwake kabla ya giza." Na mbele ya ncha ya Ubwari, akasema, kuna mahali network inashika vizuri kuliko kijijini.

Wataimba kwa simu kutoka majini: watu watatu kwenye mitumbwi iliyofungwa pamoja, wa nne kwenye boti la jirani, simu moja. Moja kwa moja! Hakuna aliyesema lazima iwe na paa juu.

Jumapili, 22 Desemba

Tumejaribu jana jioni. Imeshika. Redio zao lazima zizimwe, la sivyo simu inapiga mluzi wa kutoboa sikio. Directeur alipita, akauliza ule ni mluzi gani. Nikasema ni nyota ya Bethlehemu.

Jumanne, 24 Desemba

Saa kumi na dakika hamsini. Isidore amefika na umuduri, shati jeupe, hacheki. Mama Immaculée amefika na mabeseni mawili, moja la akiba. Naandika ili mikono ipate kazi.

11 na robo. Foleni ya Isidore imeisha. Simu ya studio haijanyamaza! Lusenda wamepiga mara tano, wote wanasema "mutarudia kesho asubui" na kukata. Mmoja alisema yeye ni karani, akaomba urudiwe.

11 na nusu. Mbuzi wa kwaya. Kisha sabuni. Mama Immaculée alipofika kwenye "asante ya tatu" nilisikia kicheko kikubwa nje ya dirisha. Nimechungulia. Watu! Wamekaa kwenye ukuta, kwenye pikipiki, kwenye magunia. Katikati ya Baraka watu wamesimama kusikiliza beseni. Ni mimi nimefanya hivi. Nayaandika haya bila aibu.

12 kasoro dakika kumi na mbili. Ubwari hawapatikani. Nimejaza na mbuzi tena.

12 kasoro dakika kumi. Bado. Isidore amefumba macho, nadhani anasali. Directeur amesimama kwenye mlango, na CD mkononi.

12 kasoro tano. WAMESHIKA. Naweka simu kwenye micro. Maji yanasikika! Vainqueur amesema, "Habari ya jioni Baraka, tuko mu kazi." Kasia likaanza. Kisha zikaingia sauti nyingi kuliko wanne — lazima maboti mengine yamesogea, kumi, labda ishirini, wamezima redio zao maana hakuna mluzi, na wanaitikia. Mama Immaculée ameweka beseni la pili magotini pangu, nami napiga.

12 kamili. Wako kwenye ubeti wa tano. Muda wangu umekwisha. Directeur ameingia ndani. Amenionyesha saa ya ukutani. Nimeiona. Naendelea kupiga beseni kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine.

12 na dakika tatu. Ubeti wa sita umepita. Jua linazama, wangeanza kuandaa taa zao. Hawaachi. Kuna ubeti wa saba! Huu siujui, wanautunga hapohapo: mamajusi wamechoka na ndagala, wamevuka hadi Baraka, wamebisha redioni kuuliza njia. Bwana Directeur anawajibu waketi, mfalme atangojea, kwanza matangazo ya saa sita. Ziwa zima linaitikia: kwanza matangazo. Watu wa nje nao wanaitikia.

Directeur amevaa headphones. Amevuta kiti, amekaa karibu yangu. CD ameiweka juu ya meza, na kidole chake kiko kwenye kitufe cha kuwakata. Sioni uso wake, ameinama.

Mabega yake yanatikisika kwa kicheko, na kidole bado hakijabonyeza. Nao wanaanza wa nane.