Pikipiki ya Kupandia Kulia

Jumatatu, 9 Mei 2005

Ng'ombe wa pili huyu amenipita. Wabwile wa Kabuchai alipiga simu jana asubuhi — ng'ombe wake analia, anapanda wenzake, joto limeanza. Akionekana asubuhi anapandishwa mbegu ya fahali kwa mrija jioni hiyo hiyo. Kazi yangu yote iko hapo. Lakini mume wangu Naim, ndiye wa kunipeleka, alikuwa na wateja dukani, halafu mvua, halafu giza. Tumefika leo saa nne, ng'ombe ametulia zake, joto limekwisha, anacheua. Mpaka wiki tatu tena.

Wabwile hakugomba. Alituletea chai na viazi vitamu, ndiyo ikaniuma zaidi. Akanivuta kando: ati chama cha maziwa kinataka kuninyang'anya mtungi wa baridi wa kuhifadhi mbegu, kimpe kijana fulani wa Bokoli anayejiendesha mwenyewe. Mwisho wa mwezi wanaamua. "Dakitali, sisi tunakupenda sana, lakini hawa ng'ombe si wanatupita bana."

Tangu Novemba nilipoanguka kwa ule mteremko wa Kabuchai na kuwekwa chuma kwa kifundo cha mguu wa kushoto, mimi ni wa kubebwa nyuma. Pikipiki yangu iliishia pale pale. Naim ameazima ya kaka yake, simu ikilia anafunga duka ananipeleka. Na ng'ombe anawaogopa! Anasimama nje ya ua anauliza, Mama Bilan, umemaliza? Miezi yote hii hajalalamika hata siku moja. Nina mume, wacha niseme ukweli. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia usoni atavimba kichwa.

Lakini lazima nipate pikipiki yangu.


Jumatano, 11 Mei

Nimejaribu mguu kwa pikipiki ya shemeji, imesimama tu uani. Mguu wa kushoto ndio wa giya. Kukanyaga chini naweza. Kuinua giya kwa vidole — hapana. Kifundo kinakataa, kama mlango uliovimba mvua. Daktari alishasema hakitaongeza kitu, kimefika mwisho wake.

Naim ati nisijali, nitapona. Nimemwambia nimeshapona, hivi ndivyo nilivyopona. Akaenda kupanga sukari.


Jumamosi, 14 Mei

Kitale! Tumekuja kwa Abdishakur, rafiki ya Naim anayeuza pikipiki na vipuri karibu na msikiti. Alikuwa na mbili za kutuonyesha.

Ya kwanza nyekundu, ndefu, matairi yenye meno, bomba la moshi limeinuliwa juu lisiguse maji. Wueh. Nilisimama nikaiangalia tu. Mashine ya milimani kabisa — na Abdishakur anasema hata kwa lami inakimbia bila kutetemeka. Nikaizunguka mara ngapi sijui. Naim naye macho yanang'aa, ati hii ndiyo, Mama Bilan, usitafute nyingine.

Wakanishikia nikapanda. Miguu inaning'inia! Kidole gumba tu ndicho kinagusa chini. Nikatoka nayo hadi barabara ya Kiminini, giya ya kwanza, na hapo nikakwama, maana kuongeza ni kuinua kwa vidole. Nimekwenda na giya ya kwanza injini inalia kama mbuzi, wenye baiskeli wananipita. Kurudi, Naim alilazimika kunidaka nisianguke. Bado anaisifu. Ati ataendesha yeye kwanza.

Ya pili nyeusi, fupi, ya mjini. Giya yake ina kanyagio mbili, ya vidole na ya kisigino: ukitaka kuongeza unapiga kisigino chini. Kisigino! Hicho ninacho. Nilifurahi kiasi cha kucheka peke yangu. Lakini nilipoipeleka nyuma ya soko penye matope, udongo ulijaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Kwa lami malkia, kwa Kabuchai mzigo.

Wakati tunakunywa maji, Abdishakur akakumbuka. Kuna mama anaitwa Jepchumba, anaishi upande wa Endebess, njia ya Suam. Ana pikipiki ya shamba na amenunua pikapu juzi. Ila ameshafukuza wanunuzi wawili. Ati hampatii mtu yeyote tu. Nikasema kesho twende. Naim akasema mbona kusumbuka, na nyekundu iko hapa.


Jumapili, 15 Mei

Lazima niandike huyu mama kabla sijalala, nisije nikasahau kitu.

Tulimkuta ametoka kanisani, bado na gauni lake la maua, gambuti miguuni, anashusha mitungi ya maziwa. Umri wa mama yangu. Mfupi kunishinda! Na pikipiki yenyewe imesimama kando ya zizi: kijani iliyopauka, karia mbele na nyuma, mnyororo umefunikwa wote usiingie matope. Si nzuri. Kando ya ile nyekundu ungedhani ni jembe. Lakini nikainama nikaona — kanyagio mbili, ya vidole na ya kisigino. Na kiti kifupi. Na matairi yenye meno. Na madigadi imekaa mbali na tairi.

Nikaenda kuipanda. Jepchumba akanisimamisha. Akauliza mguu gani ni mbaya. Wa kushoto. "Sasa mbona unapandia kushoto?"

Miaka yote nimepandia kushoto kwa sababu stendi iko kushoto, kila mtu anapandia kushoto. Kumbe tangu niumie nabeba mwili wote kwa mguu wa chuma, halafu nashangaa kwa nini naanguka! Mama akazunguka upande wa pili akashusha stendi nyingine. Iko na mbili. Upande huu na upande ule. Ati ukilima kwa mteremko huwezi kuchagua upande wa kuegemeza.

Nikapandia kulia. Mguu mzuri chini, ule mwingine ukapita juu ya kiti kama si wangu.

Bei hakutaka kusikia. Alitaka nipite kando ya mahindi hadi kwa josho la ng'ombe, na mvua ilikuwa imenyesha. Nikaenda. Kisigino, kisigino, giya ya pili, ya tatu. Nyuma iliteleza mara moja, nikaweka mguu chini na chini ilikuwepo! Nilipofika kwa josho nimelia kidogo, hakuna aliyeniona ila ndama.

Niliporudi Jepchumba alikuwa anakamua kana kwamba hajaangalia. Akasema kwa lami itanichosha, ni ya polepole, malori yatanipita yote na nisione haya. Halafu akataja bei, akasema nichukue. Wale wawili wa kwanza walitaka kuipaka rangi. Akafunga pia gunia lake mwenyewe kwa karia, akanionyesha mtungi ukae vipi usitikisike. Sijui lini mara ya mwisho nimempenda mtu haraka hivyo.

Naim alikuwa ametoweka. Nilimtafuta nikamkuta ameegemea ua wa ng'ombe. Naim! Fahali anamnusa mkono na hata hasogei. Nikamuuliza una nini. Ati ile nyekundu ina nguvu zaidi.


Jumanne, 17 Mei

Tumerudi jana, mimi mbele na yeye nyuma yangu kwa pikipiki ya kaka yake. Kitale, Kamukuywa, hadi Webuye, kisha nyumbani. Mama alisema kweli, ni ya polepole. Trekta ya miwa ndiyo pekee niliyoipita. Upepo, lami, mlima kulia kwangu umevaa mawingu, kifundo kimenyamaza kimya. Niliimba ndani ya helmeti.

Kila nikitazama kioo, Naim yuko pale pale. Hajakaribia, hajabaki.


Ijumaa, 20 Mei

Tumegombana. Afadhali.

Ametoka msikitini nikamuuliza waziwazi: kwa nini ulitaka ninunue ile nyekundu na uliona siiwezi? Mimi si mtoto. Akapanga maneno, akayapangua. Mwishowe akasema: kwa ile nyekundu ungenihitaji.

Nilikasirika. Nikamwambia mimi si gunia la mahindi. Nimesomea hii kazi, wanaume wazima wa Kabuchai wananiita daktari, na wewe unataka nikae nyuma yako nishike shati!

Hakujibu kwa hasira. Akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia. Siku ile ya Novemba alipiga simu yangu njia nzima akinitafuta. Alipofika juu ya mteremko akaisikia inalia huko chini kwa matope, inalia, na hakuna anayeipokea. Ndivyo alivyonipata. Kwa hivyo nikiwa nyuma yake, mikono yangu kiunoni mwake, anajua niko wapi.

Nimelia mimi, amelia yeye. Bilan akaingia akatuangalia akatoka. Nilimwambia Naim nitakwenda tu. Akasema anajua.


Jumapili, 29 Mei

Wabwile amepiga simu saa moja asubuhi. Yule yule ng'ombe! Analia tangu alfajiri. Jioni hii basi. Na mwenyekiti wa chama amesema atakuwa pale kwake kuona nitafika saa ngapi na nitafika na nani.

Nimeangalia mtungi, baridi bado ipo. Nimevaa suruali chini ya dera, hijabu nimeibana vizuri. Kutoka saa sita imenyesha. Najua ule mteremko sasa ulivyo, udongo mwekundu unang'aa. Nimeshika kalamu ili nisikae nikiuwaza.

Nilimwambia Naim jana nitakwenda peke yangu. Wiki nzima amekuwa mpole, anaongea na Bilan kuliko mimi. Leo duka amelifunga mapema bila kusema kwa nini, nikajua, haya, atashika usukani na mimi nitanyamaza kwa sababu naogopa. Ndiyo, naogopa. Akichukua ufunguo leo sitabishana. Huo ndio ukweli na sitaurudia popote.

Mlango wa uani umelia. Amebeba mtungi.

Nimechungulia dirishani. Amefungua stendi ya kulia, ameegemeza pikipiki vizuri, anafuta kiti kwa kitambaa. Amevaa helmeti ya kaka yake. Sasa anapanda.

Amepanda nyuma. Kwa karia, juu ya gunia! Magoti yamekunjwa kama panzi, mtungi amepakata, macho amefumba, midomo inakwenda — anasoma dua. Kiti cha mbele ni kitupu na ufunguo uko mahali pake. Uzito wote huo, kwa mteremko ule, na mimi ndiye wa kuendesha —

Ananiita. Ati Mama Bilan, tunachelewa, na kama nitamwagiza ashuke pale juu ya mteremko, basi nimwambie sasa. Naweka kalamu, naenda kupandia kulia.