Mbuzi Uliyemleta Bado Yuko Hai

Baba Milembe, mkwe wangu,

Marahaba. Nimeitikia mwenyewe, maana hata ile shikamoo yako ya kutokea nje ya ua sijaisikia tangu mwaka jana wakati wa kuvuna ulezi. Una nini wewe? Najua unapanda huku Sumbawanga kutoka bondeni kwenye ng'ombe wako, watu wanakuona mnadani. Unapita hapa Kizwite, nyumba yangu unaiona, halafu unaongeza mwendo. Mkeo anakuja peke yake na mtoto mgongoni kama mjane. Nikimuuliza uko wapi, anasema una kazi. Kazi gani hiyo isiyokwisha?

Mimi sikusoma, unajua. Mkeo Anjelika ndiye anayeandika, na nimemwapisha asiruke neno, hata yale ya kumwaibisha mama yake. Kukupigia simu ningeweza, lakini kwa desturi yenu ya Kisukuma ya kumwepuka mama mkwe, simu ungempa mkeo. Karatasi utaisoma umekaa peke yako.

Siku ile ya chemchemi naikumbuka kuanzia kwenye gari. Ulisikia magoti yananiuma, ukaazima Noah ya rafiki yako, ukasema mama apelekwe kule mbele ya Matai kwenye maji moto akakande miguu. Nilifurahi mpaka nikasuka nywele. Lakini ulivyoniendesha! Kioo cha katikati ulikigeuza kikaangalia paa, macho yako yasije yakakutana na yangu. Ukitaka kujua kama nina baridi unamwambia Anjelika, "Muulize mama kama anasikia baridi," nami nimekaa nyuma yako hapo hapo, ningeweza kukuvuta sikio. Namjibu Anjelika, "Mwambie nimevaa masweta mawili." Trafiki wa pale Matai akakusimamisha, akauliza unaendeshaje gari na kioo kinatazama juu. Ukamwambia nyuma yuko mama mkwe. Yule baba akainama akanichungulia dirishani, akaamua kesi: kioo kirudi mahali pake, bibi asogee pembeni. Tulicheka wote, hata wewe, ingawa ulijifanya unakohoa.

Kwenye maji moto ulitukalisha vizuri, ukaenda kukaa nyuma ya mwamba, umetupa mgongo, mpaka nilipomaliza kuosha miguu. Mvuke ulikuwa unapanda kwenye ule upepo wetu wa baridi, mjukuu wangu Milembe, mgongoni kwa mama yake, anaukamata kwa mikono anakuta hewa. Kisha nikawapeleka kwenye pango ambako marehemu mama yangu alinipeleka nikiwa msichana. Tulivua viatu mlangoni kama alivyonifundisha, na wewe ukavua bila kuuliza kwa nini. Hilo sikukushukuru. Asante.

Sasa lile shimo. Unalijua, pale pembeni ya pango ardhi ilipotitia zamani, chini kuna maji ya kijani. Nilitaka kumwonyesha Milembe. Anjelika akasema mama usisogee. Nikamwambia mimi nimekulia huku, wewe utaniambia nini? Hata sijamaliza kusema, ukingo ukamomonyoka nikateremka nao. Namshukuru Mungu nilinasa kwenye udongo katikati, mguu umeteguka. Lakini kitenge kilibaki juu, kimeshikwa na mzizi. Nilikaa pale na gagulo tu, lile la zamani lenye kiraka nyuma.

Anjelika ana mtoto mgongoni, hawezi kushuka. Ukashuka wewe. Ulishuka kinyumenyume umefumba macho, unapapasa kwa miguu, mawe yanakukimbia chini yanaanguka kwenye maji. Ukafika karibu yangu ukamwambia Anjelika, "Mwambie mama ashike mabega yangu." Anjelika huku analia ananiambia nishike mabega. Nikakataa. Nilimwambia Anjelika kwamba mumewe apande, aende kijijini akaite wanaume wengine, wowote wale, hata walevi, mradi si mkwe wangu. Udongo ulikuwa unaendelea kumeguka. Ukachutama mbele yangu, umenipa mgongo. Kisha ukasema mwenyewe, kwangu, kwa mdomo wako:

"Mama, panda."

Nikapanda. Nilisikia moyo wako unavyopiga, nikajua si kwa uzito wangu. Uliponitua juu uliondoka moja kwa moja mpaka kwenye gari bila kugeuka, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno, hata kupitia kwa Anjelika.

Baadaye dereva wa lori akamshusha mbuzi dume hapa nyumbani, akasema, "Katoka kwa mkwe wako." Basi, hakuna ujumbe mwingine. Nikasema mkwe wangu kaniletea zawadi ya pole ya mguu. Nani amchinje mbuzi mzuri kama yule? Nikamfunga uani, nikamlisha maganda ya viazi, akanenepa. Nikampa jina. Nilimwita Mkwe, kwa sababu katoka kwako na kwa sababu naye hanitazami machoni. Mtaa mzima unanisikia kila asubuhi: Mkwe, toka kwenye maharage. Mkwe, mlafi wewe.

Juzi mama wa Kisukuma anayeniletea maziwa akanisikia. Akaweka dumu chini, akauliza Mkwe ndiye nani. Nikamsimulia nacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Bibi, huyo mbuzi ni wa kuosha aibu. Kwetu mkwe akimgusa mama mkwe anatoa mbuzi, anachinjwa, analiwa, yameisha. Ukimwacha hai umekataa."

Nilikaa chini pale pale uani. Anjelika alipokuja nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alidhani najua. Kila akija anamwona mbuzi anazurura, anafikiri mama bado ana kinyongo, anaogopa kuuliza. Na zile kelele zangu za asubuhi zilikufika, sivyo? Umenitoa shimoni, halafu unasikia nakutukana kwa jina la mnyama mbele za watu.

Aibu ya gagulo ilikwisha zamani, kiraka si dhambi. Hii ya mbuzi haijanitoka. Nikienda kanisani nahisi watu wote wanajua. Nikipika ugali nakumbuka kwamba mtu aliyefumba macho ili anisitiri, mimi nimemfanya acheze kujificha na nyumba yangu kama mwizi. Sikujua, lakini kutokujua kwangu ndiko kulikokufungia mlango. Nisamehe, baba. Na ujue kwamba tangu nimemzaa Anjelika sijawahi kubebwa na mtu yeyote. Nilikuwa nimesahau kwamba na mimi nabebeka.

Mbuzi bado yuko hai, lakini jina nimemvua. Sasa sikiliza. Njoo Jumamosi, uje na kisu chako, umchinje mwenyewe. Nyama nitaipika mimi. Wewe utakaa sebuleni, mimi nitakaa jikoni, mlango wa katikati utakuwa wazi. Kunitazama si lazima. Gari utakaloazima usiliache barabarani kama mtu anayetaka kukimbia. Liingize uani, ulizime, ufunguo umpe mkeo, na usiuombe mpaka nyama imekwisha.

Mimi,
mama mkwe wako