Gari Lenye Kitanda na Nyumba ya Nyakabanda

Mama Lillian, mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisikilize maana leo sina pengine pa kusemea, mimi ni fundi cherehani, nakaa Nyakabanda, mume wangu Kagabo amestaafu juzijuzi kutunza stoo ya kiwanda kule Masoro, na tangu astaafu mchana kutwa yuko kwenye simu anaangalia magari yenye nyumba ndani, wenyewe wanayaita kempa, na hapa Kigali kazunguka kila yadi ya magari hakukuta hata moja la kuuza, ila kaliona moja Japani, dogo, jeupe, na bei yake, Mama, ukiiona unaweza kulia kwa furaha.

Akaniambia, "Mama Umutoni, iko na jiko, iko na kitanda, iko na lavabo kidogo ya kuoshea vikombe, nta kibazo, hakuna shida, sasa unataka nini tena?" nami nikamcheka, nikamwambia mzee wangu umeanza kuota mchana, lakini jioni ile ile akachukua chaki yangu ya kukatia nguo akachora gari zima uani, kwa vipimo vyake, akaweka viti viwili mbele, yeye akakaa kulia mimi kushoto, tukanywa chai humo, na tangu siku hiyo, Mama, aliyerogwa ni mimi.

Kila jioni tunaingia pale alipochora mlango, hatukanyagi mistari, jirani akija anabisha hodi hewani tunacheka, halafu Kagabo anasema leo tuko Karongi na mimi naliona Ziwa Kivu lile, maji yametulia, mlango uko wazi na miguu yangu bado iko kitandani, siku nyingine tuko msituni Nyungwe ukungu umeingia mpaka kwenye sufuria, na mimi maisha yangu yote nimewashonea watu magauni ya safari, mwenyewe nimeishia kwenye cherehani. Mapazia ya gari hilo nimeshayashona, ya maua madogo ya buluu, nimeyaficha chini ya vitambaa vya wateja.

Sasa ili gari lije, nyumba iuzwe. Jirani yetu Nsabimana anaitaka, hati ina majina yetu wawili, bila sahihi yangu haiuziki, na Alhamisi tunatakiwa kwa noteri wa ardhi, yule anayeshuhudia sahihi za mauzo. Binti yetu Umutoni na kaka zake wana miji yao, hawajui lolote. Nikikataa naogopa mzee wangu ataifuta ile mistari akae kimya mpaka anizeekee ukutani, nikikubali sijui cherehani yangu italala wapi. Na aibu yangu ni hii, Mama: nikishika kalamu nitasaini, najijua. Nifanye nini?

Swafiya, Nyakabanda

Swafiya mdogo wangu, marahaba. Barua yako niliisoma, nikaisoma tena kwa raha tu, na ule ukungu wa kwenye sufuria umenipendeza mno. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umesema mwenyewe mumeo alikaa kulia. Mama wee! Huyo Kagabo bila shaka amekulia Bukoba au Kampala, akajifunza kuendesha huko, na hapa amekuwa abiria wa pikipiki tu. Hapa kwetu dereva anakaa kushoto! Gari lile la Japani lina usukani kulia, na mtu binafsi akileta gari la namna hiyo halipewi namba. Mngeuza nyumba mkaishia kulitazama bandarini Dar es Salaam. Yenye usukani wa kushoto yapo Ulaya, na bei zake zitakuliza, ila si kwa furaha. Halafu bei ya kwenye simu ni bei ya ng'ombe akiwa bado kwao. Kumswaga mpaka kwako ni meli, bandari, barabara na ushuru. Kabla ya kumtumia mtu hata faranga, nendeni wawili Mamlaka ya Mapato mkaulize.

Na wewe, fundi mzima, unashona mapazia ya gari ambalo dirisha lake hujalipima! Usiache mbachao kwa msala upitao. Alhamisi usiende kwa noteri. Jina lako halikuandikwa kwenye hati kwa urembo. Leo jioni ingia humo ndani ya chaki, mpe Kagabo yale mapazia ayashike, umwambie kwamba safari unaitaka kuliko yeye, lakini nyumba huuzi. Atanuna. Mwache anune, mpikie chai.

Kisha kodisheni. Mjini hapa yako magari ya kukodi yenye hema juu ya paa na jiko la gesi nyuma, na usukani upande wake. Chukueni la siku chache, funguo za nyumba mwachie Umutoni, mwende Karongi.

Mimi nilizaliwa ukimbizini, Karagwe. Wazazi wangu walisafiri mpaka wakazeeka, na kila tulipomuuliza mama tunakwenda wapi, alijibu, "Tunatafuta pa kuweka sufuria." Alifariki akiwa bado anatafuta. Nenda Kivu, Swafiya, ulale mlango wazi, uyaone hayo maji. Lakini kwenu usikuuze.

Mama Lillian