Masaa Matatu ya Silantoi Mombasa

Jumatatu, Kitengela, Februari 2007

Jua limeamka kali na vumbi la barabara ya Namanga limeingia mpaka kwa sufuria. Nimerudi jana kutoka Mombasa, miguu bado imevimba, lakini nimekuja hapa saiba, kwa kompyuta za kukodi, niandike kwa mtandao kabla sijafua hata nguo moja. Naogopa nikifua nitasahau. Hapana, sitasahau. Nimekuja kwa sababu kifua kimejaa.

Nachapa kwa kidole kimoja. Mnivumilie.

Msichana wangu Silantoi anafanya kazi kwa meli ya watalii, upande wa kufua. Taulo na mashuka, kutoka asubuhi mpaka usiku. Aliondoka akaniachia mtoto wake Nashipai, wakati huo bado anatambaa. Sasa huyo mtoto anakimbia, anaimba, anagombana na kuku. Na mimi ndiye ananiita Yeyo, maana yake mama kwa Kimaasai. Nani angemfundisha jina lingine? Amesikia watoto wangu wote wakiniita hivyo.

Mwezi uliopita Silantoi akapiga simu. Meli yao itaingia Mombasa Jumamosi jioni na kuondoka usiku huo huo. Yeye atapewa masaa matatu tu. Akasema, "Yeyo, niletee mtoto."

Masaa matatu! Mimi nikienda tu kununua sukuma wiki na kusalimia watu njiani namaliza hayo.

Basi nikaanza kumtayarisha Nashipai. Kila asubuhi tulikuwa tunafanya zoezi. Kwetu mtoto hasalimii mkubwa kwa mkono. Anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu yake. Nikamwambia, ukimwona mama yako, unampa kichwa. Akashika vizuri sana. Mpaka akawa anampa kichwa mtu wa maji, mwenye duka la nyama, na mbuzi wa jirani.

Nilijisifu. Nikasema huyu mtoto hataniaibisha.

Mombasa tulifika asubuhi na meli ilikuwa bado baharini. Joto la huko ni kama kusimama juu ya sufuria inayochemka. Tukakaa nje ya geti la bandari, mimi, mtoto, na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho nilikuwa nafungua kila mara ninuse kama yameharibika. Mama mmoja anayeuza mihogo akaniuliza, "Mama wa bara, tangu asubuhi unalinda bandari, mshahara atakulipa nani?" Nikamwambia mshahara wangu unakuja na meli. Akacheka, akampa Nashipai kipande cha muhogo. Nashipai akampa kichwa.

Halafu meli ikaingia.

Sijui niandike nini. Mimi kitu kikubwa nilichozoea ni kile kiwanda cha simiti pale Athi River. Hii ilikuwa kama mtu ameng'oa fleti zote za Kitengela, akazipanga moja juu ya nyingine, akazipaka rangi nyeupe, halafu akazisukuma polepole juu ya maji na hata glasi moja isianguke. Ilipita nyuma ya mabohari na mabohari yakawa kama vibanda. Nilishika kichwa. Nilijiuliza, mtoto niliyemzaa kwa nyumba ya kukandikwa mavi ya ng'ombe pale Kajiado, huyo huyo aliyekuwa anaogopa hata mto wa msimu ukijaa, yuko ndani ya hiyo?

Jua likaanza kushuka. Watalii wakatoka wa kwanza, wakapakiwa kwa mabasi wakaonyeshwe mji upesi upesi. Kwao pia ilikuwa ni kukimbizana na saa.

Silantoi akatoka na suruali nyeupe, amekonda, nywele amekata. Nilimjua kwa mwendo. Nashipai akatembea mpaka mbele yake kama nilivyomfundisha, akasimama, akainamisha kichwa.

Vizuri kabisa. Kama vile anavyompa mwenye duka la nyama.

Silantoi akaweka mkono juu ya kile kichwa. "Takwenya," akasema, salamu yetu ya Kimaasai. Mtoto akajibu, "Iko," halafu akarudi mbio nyuma ya sketi yangu.

Hapo ndipo nilielewa kosa langu. Nilimfundisha kusalimia mgeni.

Silantoi alikuwa na mipango yake. Alitaka wapige picha studio, wale aiskrimu, amnunulie viatu. Akampa mwanasesere. Mtoto akachukua mwanasesere bila kumwangalia aliyempa. Silantoi akajaribu kumbeba, mtoto akapiga kelele mpaka askari wa geti akageuka: "Mama, huyo mtoto ni wa nani hasa?" Alikuwa anatania tu, lakini nilitaka ardhi inimeze. Silantoi akaangalia saa. Mimi nikaangalia saa. Nilikuwa nambembeleza Nashipai, namfinya kidogo, namnong'oneza, "Huyo ndiye mama, nenda." Na yeye ananishika zaidi, "Yeyo, Yeyo," na kila akiniita hivyo naona uso wa msichana wangu unavyobadilika.

Niseme ukweli? Kuna pahali ndani yangu palipenda vile alinishika. Pahali padogo. Nimepaona, na sikupapenda.

Nikafungua leso yangu, ile ninayombebea kila siku, imeshika harufu ya moshi na maziwa. Nikamwambia Silantoi ageuke. Nikamweka mtoto mgongoni kwake kwa nguvu, nikafunga leso kwa kifua chake vile ninavyofunga kwangu. Mtoto akalia. Nikasema, "Tembea. Usimwongeleshe. Tembea tu."

Akatembea. Chini ya taa za barabara, mbele ya maduka yanayofungwa, akaenda akarudi, akaenda akarudi, mimi nyuma yao kama mlinzi. Kilio kikawa kwikwi. Kwikwi ikanyamaza. Halafu nikaona mkono mdogo unatoka kwa leso, unapapasa, unashika sikio la Silantoi. Nashipai halali bila kushika sikio. Langu, miaka yote hii.

"Yeyo," Silantoi akaniita kwa sauti ya chini, hata hakugeuza shingo. "Amenishika sikio."

Mtoto akalala fo fo fo.

Sasa mimi ndiye nikaanza kuhangaika. Masaa yanaisha, na mtoto amelala! Hakuna picha, hakuna aiskrimu, hakuna viatu. Nikamwambia amwamshe basi, asije akaondoka bila kuangaliwa hata usoni. Silantoi alikuwa amekaa kwa ukingo wa barabara anakunywa maziwa kutoka kwa kibuyu, amekaa wima kabisa ili asimbane. Akaniambia, "Yeyo, wacha. Huko ndani nalala chumba hakina dirisha, na kila siku kengele inaniamsha. Wacha mtu mmoja alale juu yangu."

Nikaketi kando yake. Tukakaa hivyo. Mtoto wangu amembeba mtoto wake, na nyuma yao ile meli yote inawaka taa, nami nikawa sijui ni kitu gani kati ya hivyo nishangae zaidi.

Saa mbili akafungua leso mwenyewe. Alinipa mtoto akiwa na joto la mgongo wake. Akasema niende pale karibu na feri ya Likoni, meli zote hupita hapo zikitoka. Ataomba ruhusa asimame nyuma na watu wa jikoni, atapunga taulo.

Tukaenda na tuktuk. Meli ikaja karibu mpaka nikarudi hatua nyuma, nikasikia muziki na nikaona watu wanakula. Nashipai akaamka. Nikamwambia, "Mama yako yuko ndani ya hiyo. Ndiye alikubeba." Akaiangalia kutoka juu mpaka chini bila kupepesa. Kule nyuma, chini kabisa, kulikuwa na kitu cheupe kinapungwa. Labda ilikuwa taulo. Mimi nasema ilikuwa taulo.

Nashipai akaniponyoka mkononi, akaenda mbele kidogo, akainamisha kichwa.

Akangoja. Alingoja hivyo hivyo, shingo imeinama, mpaka meli ikawa taa moja huko mbali. Sikuwa nimemwambia. Nilitaka kwenda kuweka kiganja changu pale juu, nikajizuia. Salamu ile haikuwa yangu.

Jana kwa basi alishika sikio langu, akaliachilia, akaligusa tena, kama anayelinganisha kitu.

Silantoi, najua utasoma hii bandari nyingine. Nimeamua hivi: kesho asubuhi mtoto akiita Yeyo, sitaitika. Nitamwambia mimi ni Kokoo, ni nyanya yake, na Yeyo ni yule wa mgongo, yuko kwa maji anakuja. Atalia. Nitalia pia, lakini nitaenda nje kwa kuku.

Kusikuche haraka, hiyo tu ndiyo naomba leo. Wacha aniite mara moja zaidi jioni hii.