Likizo Juu ya Duka la Mikate

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mkono uliochomwa na waya umepona, au bado unashika bisibisi kwa mkono wa kushoto na kujifanya hauumi? Mama ameniambia nikuulize hivyohivyo. Sisi huku ni wazima, na safari hii simaanishi ule uzima wa kujibu salamu tu. Mama amenenepa mashavu. Baba ameanza kuimba bafuni. Mimi nimemaliza mitihani na sina la kufanya, kwa hiyo nimekaa barazani nikuandikie kwa kirefu. Unanijua kwenye simu: ndiyo, haya, sawa, mpaka salio linaisha.

Labda umekwisha kusikia kwamba Baba na Mama wamepewa likizo. Ni kweli. Tangu walipotumwa kufungua kituo cha misheni, wewe ukiwa bado unanyonya na mimi sijazaliwa, hawajawahi kupumzika pamoja. Sasa askofu amewaita, akawaambia waondoke mwezi mzima na kazi zote wamwachie mwinjilisti. Baba alirudi nyumbani akisema Mungu amemfunulia askofu. Amewasimulia hivyo watu wote, hata dereva aliyetuleta, ambaye hakuuliza.

Tuko kwenye mji mdogo wa mlimani, katika nyumba ya muuguzi mstaafu aliyesoma na Mama. Mwenyewe amesafiri kuwaona wajukuu. Ni vyumba viwili na baraza, juu ya duka la mikate, na harufu ya mkate hupanda ngazi na kutuamsha kabla ya jua. Kabla hatujashuka garini Mama alimpa Baba sharti moja: asijitangaze. Akiulizwa kazi yake aseme kweli, kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu, lakini asianze yeye.

Siku za kwanza Mama alilala tu. Aliamka akala, akalala tena, mpaka Baba akawa anamchungulia mlangoni kwa wasiwasi. Baadaye akashuka barabarani, akamkuta fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akicheza drafti na nafsi yake kwa visoda. Sikujua kama Mama anaijua drafti. Kumbe alikuwa moto wa kuotea mbali shuleni kwao. Sasa kila asubuhi wanacheza, na yule mzee anakula visoda vya Mama kwa shida huku vyake vikiisha. Jana alimlalamikia Baba kwamba mkewe hana huruma hata chembe, na Mama akamjibu kwamba huruma ameiacha kabatini nyumbani, yuko likizo. Kaka, nilicheka mpaka nikaingia ndani, maana wapita njia walikuwa wananitazama.

Baba yeye hakuweza kukaa. Siku ya tano alishuka kuomba kazi kwa mwenye duka la mikate, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu kilimani. Akampa aproni, akamweka mbele auze. Mteja wa kwanza alitaka mkate mmoja, akataja kwa bahati mbaya kwamba mwanawe anaumwa, basi Baba akaegemea meza, akaanza kumsikiliza. Foleni ikafika barabarani. Mwenye duka akatoka nyuma na unga hadi kwenye nyusi, akamwambia, "Mzee, hapa tunauza mikate. Ukitaka kusikia shida za watu, fungua kanisa." Mama aliyekuwa ng'ambo alicheka hadi akaangusha visoda. Tangu siku hiyo Baba amehamishiwa nyuma kwenye tanuri, ambako hakuna mtu wa kufarijiwa. Anasema kukanda unga kunampa usingizi mzuri.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, kwa raha, mpaka Jumatano alipokuja Mzee Kengele.

Unamkumbuka yule mzee wa kanisa anayepiga kengele kana kwamba kuna moto. Alikuja na gari la kanisa. Alikunywa chai vikombe viwili, akatoa habari. Kwaya imegawanyika juu ya nani ataongoza siku ya kuzindua jengo jipya. Upande mmoja umeondoka na kinanda, upande wa pili umeondoka na nyaya zake. Sasa kila kundi linafanya mazoezi kwake bila muziki, na hawasalimiani. Mwinjilisti amejaribu kuwapatanisha, wakamwambia asubiri akue. Mzee Kengele alitumwa amchukue Baba siku ileile, watu wote wanamngoja.

Baba alitazama sakafu kidogo, kisha akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kochi. Mama naye aliinuka, akaingia chumbani, na nikasikia zipu ya sanduku. Nilimchungulia. Alikuwa anakunja nguo taratibu, moja juu ya moja, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa nyumbani, uso wa kupokea wageni.

Kaka, unajua mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata shuleni mwalimu alikuwa akiniuliza jibu, namwonyesha daftari. Lakini nilisimama mlangoni, nikasema, "Baba, Mungu hakumfunulia askofu. Ni mimi niliyekwenda kumwambia."

Baba aliacha viatu. Mzee Kengele akaweka kikombe chini. Baba aliniuliza kwa upole nilimwambia nini askofu, na nani alinituma. Nikajibu hakuna aliyenituma. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata wewe, kwa sababu nilidhani ukijulikana ukweli Mama ataumia. Ilibidi niseme yote.

Ilikuwa Jumapili ya ubatizo. Mama alisimama mlangoni mwa kanisa akishika mikono ya watu wanaotoka, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mstari, na nilipofika nikampa mkono kwa utani. Mama alinishika kwa mikono yote miwili, akanitabasamia vizuri sana, akaniambia, "Karibu sana, ubarikiwe. Umetoka mbali?" Kisha akamgeukia aliyenifuata. Hakunitania. Hakunijua. Nilisubiri pale ukutani mpaka watu wakaisha, nikidhani atakumbuka, lakini alinipita na vikombe vya meza ya Bwana, amechoka, akienda kuviosha. Askofu alipofika wiki iliyofuata, nilipanga mstari na watu wenye maombi yao, nikamwambia mama yangu anahitaji kupumzika. Nililia kabla sijafika katikati, lakini alinielewa.

Nilipomaliza nilimwona Mama amesimama nyuma yangu na blauzi mkononi. Aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akakaa juu ya kochi, akanivuta kama mtoto mdogo, akawa ananitazama paji la uso, masikio, kidevu, kama mtu anayesoma.

Baba alirudisha viatu chini ya kochi. Kisha akamwambia Mzee Kengele, "Waambie nimekataa." Mzee Kengele akauliza kama anaweza kusema mchungaji anaumwa, maana wale akina mama wa kwaya watamla nyama. Baba akasema hapana, huo ni uongo, na yeye haumwi. "Waambie nimekataa, na kinanda na nyaya vikutane kabla sijarudi." Mwenye duka alimfungia mikate ya njiani, naye Mzee Kengele akaondoka akitikisa kichwa, lakini nadhani moyoni alifurahi, maana mkewe naye humlalamikia kwamba hakai nyumbani.

Mama alirudisha nguo kabatini. Tangu siku hiyo nakaa naye barazani jioni, ananiuliza nataka kufanya nini baada ya shule. Nikimwambia sijui, anasema tukae basi mpaka nijue.

Sikuandika haya ili nikubembeleze. Najua ulipokuja mara ya mwisho ulikaa ukumbini na watu waliokuja kumwona Baba, ukaondoka zamu yako haijafika, na hukurudi tena. Baba halitaji jambo hilo, lakini jana alinitaka nimwelekeze gereji unayofanyia kazi iko mtaa gani. Nimemwambia asihangaike, nitakuandikia mimi.

Tuko hapa hadi mwisho wa mwezi. Mama anakusalimu. Fundi cherehani anaomba uje, labda wewe ukicheza na Mama yeye atapumzika. Nisalimie mafundi wenzako, na yule mama anayekupikia mwambie Mama anamshukuru.

Njoo, Kaka. Siku yoyote, saa yoyote. Baba yupo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba