Kurasa Zilizofunguliwa kwa Jina Lako

Magesa,

Kurasa zile nilizifungua mimi. Nimeliandika hili kwanza kwa sababu jana nililiacha liwe la mwisho, na nilipolifikia nikaichana karatasi.

Miaka tisa nimelificha. Nimewaficha wenzetu wa ofisini, mchungaji, na mke wangu hadi siku namzika. Sasa daktari wa Musoma ameniambia nirudi Nyasura nikae na watu wangu. Watu wangu ni Rhobi, binti wa dada yangu, ambaye ananibadilisha nguo kama mtoto mchanga na kukunja pua akidhani sioni. Ndiye aliyeniletea hii kalamu. Mwandiko wangu utauvumilia. Hata nilipokuwa mzima uliucheka: “Mkubwa, hii ni sahihi au sisimizi wamepita?”

Unaikumbuka kompyuta yako ya masjala. Waya wa mtandao uliingilia kwenye ukuta wako, kwa hiyo yako ndiyo ilikuwa inafunguka upesi kuliko zote. Anayetafuta matokeo ya mtihani ya mwanawe alikuja kwako, anayetamani gari la mtumba alikuja kwako. Wote uliwapa neno lako la siri, tena kwa sauti, ukiwa upande wa pili wa chumba na majalada mikononi. Lilikuwa jina la mama yako. Katika ofisi yetu kumnyima mwenzako neno la siri ilikuwa kama kumnyima maji ya kunywa. Mimi nilisoma hadi chuo kikuu na nilikuwa mkuu wa utawala. Nilijua ni ujinga. Sikuukataza, kwa sababu ulinifaa.

Na waraka wa kukataza matumizi binafsi ya mtandao saa za kazi niliuandika mimi. Niliusoma mbele ya watumishi wote, nikaubandika ubaoni. Nilieleza kwamba mitambo inaandika kila ukurasa pamoja na jina la aliyeingia, na kwamba atakayekutwa anaweza kupoteza kazi. Mama Wegesa wa uhasibu akanyoosha mkono: “Sasa Mkubwa, mchana tusipoangaliaga mitandao tutaangaliana sisi kwa sisi? Si tutatapika?” Ulicheka hadi ukavua miwani.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipoanza.

Nilikuwa na miaka hamsini na nane na mwili ulikuwa umeanza kunikataa. Mke wangu hakusema kitu, na kule kutosema ndiko kulikoniuma. Hospitali sikuthubutu, nesi wa pale alikuwa shemeji wa dereva wetu. Kompyuta yangu ilitazamana na mlango, na katibu muhtasi alikuwa na macho. Kwa hiyo saa saba ulipokwenda kula kwa mama lishe, mimi nilibaki masjala, nikisema natafuta jalada. Niliandika jina lako. Niliandika jina la mama yako. Kisha nikatafuta mizizi ya kuongeza nguvu za kiume, mafuta ya kupaka, mganga anayetibu kwa simu, shuhuda za wanaume waliopona. Nilisoma kama mtu anayejiandaa na mtihani.

Siku moja ulirudi mapema, ulikuwa umesahau miwani. Ulisimama nyuma yangu, na ukurasa ulikuwa na herufi nyekundu kubwa ambazo hata bila miwani ungezisoma. Ulichukua miwani juu ya kabati ukasema, “Endelea tu Mkubwa, mimi nakulaga taratibu.” Ukatoka, ukaurudisha mlango. Mlango ule haukuwa unafungwa mchana. Uliufunga kwa ajili yangu.

Tangu siku hiyo nilikuchukia.

Miezi miwili baadaye akaja mkaguzi wa mitambo kutoka Mwanza, dada mmoja mpole, akatoa orodha. Kurasa zaidi ya mia, zote kwa jina lako, zote za saa ya chakula. Ukaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Ningeweza kuwagawia wajumbe nakala wakasoma kimya. Nilimpa Mama Wegesa aisome, kwa sababu niliijua sauti yake.

Aliisoma kama anatangaza ndoa kanisani. Alipofika katikati akaiweka chini. “Magesa, jamani, mizizi yote hii unatafuta nguvu au unafungua kitalu?” Mjumbe mmoja alimwaga chai kwa kicheko. Wote walijua kwamba wewe na Nyangeta mlikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto. Sasa walikuwa wamepewa sababu, imepigwa mhuri. Nami nilicheka, Magesa. Nilicheka kuwazidi wote, nikafuta machozi kwa leso.

Halafu nikakuuliza, kwa lugha ya kiofisi, kama una utetezi. Ulinitazama, wala si kwa muda mrefu. Ukasema, “Neno la siri nawapaga wote. Aliyefungua anajijua. Mimi sitamtaja mtu kwa aibu ya namna hiyo.”

Katibu wa kikao akaniuliza aandikeje. Nikamwambia aandike: mtuhumiwa hana utetezi.

Barua ya kukufukuza nilikukabidhi mwenyewe, kwenye korido. Nikakushika bega. Nikasema, “Nimekupigania sana, mkurugenzi amekataa.” Ukaipokea kwa mikono miwili. Ukasema, “Asante, Mkubwa.” Ukarudi masjala kuchukua kikombe chako, na jioni hiyo ukapanda gari la Bunda. Jina la utani la Mizizi lilifika Guta, ulikokwenda kulima, kabla yako.

Nyangeta alivumilia msimu mmoja wa kulima. Sokoni wanawake walimuuliza kama mizizi imeshika. Akaenda Kibara kwa muuza dagaa, na mwaka haukuisha akajifungua mtoto wa kiume. Habari hizo aliniletea dereva, akicheka. Nilifurahi. Nakuandikia kama ilivyokuwa: nilifurahi, kwa sababu sasa hata mimi ningeweza kuamini kwamba orodha ile ilikuwa yako.

Walikukuta kwenye pamba, umeanguka na jembe chini ya mkono. Ndugu zako walikurudisha Butiama ulale karibu na mama yako, na waliniomba mimi nisome wasifu wako, maana nilikuwa msomi na rafiki yako wa miaka mingi. Niliandika kwamba uliacha kazi kwa hiari ili uendeleze kilimo. Nikiwa katikati ya kusoma, mama mmoja akamuuliza mwenzake, “Ndo Mizizi huyu?” Mwenzake akajibu, “Ndiye. Angalia, hata wa kumtupia udongo hana.” Nilisikia vizuri. Nilipandisha sauti nikaendelea na mwaka uliomaliza shule.

Kaburi la mama yako lilikuwa pembeni, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeusi. Nililisoma herufi moja moja, na vidole vyangu vikasogea vyenyewe kwenye mguu wa suruali, kama viko juu ya kompyuta yako.

Baada ya hapo niliishi vizuri. Lazima ulijue hilo pia. Nilistaafu kwa sherehe, nikapewa saa ya ukutani. Mama Wegesa alitoa hotuba, akasema ofisi haijapata kuwa na mtu mwenye nidhamu kama mimi.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikwenda pale kufuatilia karatasi zangu za matibabu. Siku hizi mtandao hauna waya, kila mtu anao kwenye simu. Masjala nilimkuta mama wa makamo anaangalia tamthilia, kavua sandali, miguu kaipumzisha kwenye kiti chako. Bosi wake akapita, akauliza, “Ameshamwacha yule mume?” Akajibiwa, “Bado, leo ndo anamfuma.” Akavuta kiti akakaa naye. Waraka wangu bado uko ubaoni. Wamebandika juu yake tangazo la kuku wa mayai.

Kazi yako ilikwenda kwa kosa ambalo leo watu wanalitenda wamekaa wawili.

Na kile nilichokitafutia mizizi kilikuwa saratani ya tezi dume. Daktari anasema wakati ule kingetibika, kama ningemwonyesha mtu badala ya kusoma. Sasa kimeingia kwenye mifupa. Nikigeuka kitandani nalia kwa sauti, na Rhobi anaongeza sauti ya redio. Simlaumu.

Msamaha siombi. Wewe ungenipa, ungepokea hata hii barua kwa mikono miwili, na hilo sitaki tena.

Nimeandika barua tatu nyingine. Moja ni ya Nyangeta, Kibara. Moja ya kaka yako Butiama, nimemwomba aisome mbele ya ukoo, kwa sauti, na asiruke yale majina ya dawa. Ya tatu ni ya ofisini, waiweke kwenye jalada lako. Rhobi atazipeleka kwa mkono wiki hii, ningali hai, ili anayetaka kuja kunitemea mate asikute kaburi. Nimemwambia azisome kwanza ajue anamfulia nani. Nakuahidi hazitabaki chini ya godoro.

Kwaheri, Magesa. Huko uliko, nikifika, usinipishe.

Bahasha sijazifunga bado. Kuna mstari haumo katika barua hizo, na nitauongeza nikishauandika kwako. Wote nimewaambia kwamba niliogopa kufukuzwa mimi. Inasikika vizuri, mtu mzima kuogopa kupoteza kazi amebakiza miaka miwili. Lakini baada ya kile kikao nilikuwa nimeshasalimika, orodha ilikuwa na jina lako na hukunitaja. Mkurugenzi aliniita. Alisema, “Haya ni mambo ya mwili, mzee mwenzangu. Mpe barua ya onyo, kesho arudi kazini kwake.” Alikuwa ameshaiandika. Mimi ndiye niliyemkatalia. Sikutaka kukutana kila asubuhi na mtu aliyenifungia mlango. Nilikaa naye saa nzima, nikimsomea waraka wangu kifungu kwa kifungu, hadi akaichana ile barua ya onyo na kutia sahihi ya kukufukuza.